Seva ndogo ya nyumbani: anza na wati, si na prosesa

Wandugu, mu mwaka wa mwisho wa lisansi nilipoteza takwimu za shamba za misimu miwili. Maharagwe, viwanja 24, urefu wa mimea, idadi ya maganda, uzito wa mbegu: yote ilikuwa ku diski moja ya mashini yangu, na asubuhi moja ile diski ikakufa bila kuaga. Nikarudia kuandika kutoka ku daftari ya shamba, ile yenye matope na kurasa ambazo mvua ilifuta. Msimu wa kwanza niliuokoa karibu wote. Wa pili, nusu tu. Mwalimu aliyeniongoza akaniambia nitetee kazi na msimu mmoja. Njo maana leo niko na seva nyumbani, hapa Bukavu, na njo maana mnaniulizaka: mimi ninunue gani?

Kwanza tuelewane. Seva ni mashini inayobaki imewashwa, ambayo mashini na simu zingine za nyumba zinaweka na kuchukua faili kwake. Wengi wanafikiri lazima ulipe mega. Hapana. Ruta inapeleka faili toka mashini moja hadi ingine ndani ya nyumba bila kula hata mega moja.

Sasa kosa ambalo mimi pia karibu nilifanye: kutamani seva kubwa ya ofisi iliyotumika, prosesa Xeon, feni zinalia kama moulin ya kusaga muhogo. Bei yake inakuwa ndogo, na ukiona hivyo ujiulize ni juu ya nini. Nyingi kati ya zile zinakula wati 100 hata kama hazifanyi kitu. Fanya hesabu na mimi. Batri ya volti 12 na Ah 100 iko na Wh 1200. Kama ni ya risasi, usishuke chini ya nusu, basi uko na Wh 600. Seva ya wati 100 inaimaliza kwa saa 6. Yangu inakula karibu wati 10 wakati imetulia: hata ukitoa kile ambacho kifaa cha kugeuza umeme kuwa 220 kinakula chenyewe, inapita siku moja na nusu. Kwa sisi ambao umeme unaenda na kurudi inavyotaka, ile hesabu njo inachagua mashini. Prosesa inakuja nyuma.

Nilinunua Dell OptiPlex 3050 Micro iliyotumika, dola 90, ukubwa wa kitabu kinene. Lenovo wako na ThinkCentre Tiny, HP wako na EliteDesk Mini, ni familia moja. Ku prosesa soma namba: i5-7500T, ile 7 ya mbele ni kizazi, na T ni ya kula umeme kidogo, wati 35 wakati inafanya kazi ya nguvu. Kuna sababu hizi mashini zimekuwa bei nafuu: Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo mbele ya kizazi cha 8, na Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 mu Oktoba 2025. Ofisi za Ulaya zinazitoa. Lakini Linux haijali, na seva yako itakuwa ya Linux.

Mbele ya kulipa, iwashe. Ingia mu BIOS: kama inaomba password ya ofisi ya zamani, iache pale pale, hata kama muuzaji anaapa kwamba kuna kijana wa kuifungua. Dai shajeri yake ya asili. Angalia saa ambazo diski imefanya kazi na kama iko na sehemu zilizoharibika. Programu smartctl inaonyesha yote mawili.

Kuhusu kuongeza nguvu, RAM njo ya kwanza. Hii inapokea bareti mbili za laptop, DDR4, hadi giga 32, lakini kwa faili za watu watano giga 8 inatosha kabisa. Usichukue DDR3, hata ikifanana: kile kikato cha bareti kiko pengine na haitaingia. Mimi niliuziwa hiyo, nikarudi sokoni kwa miguu na hasira.

Diski: kuna nafasi moja ya M.2 na moja ya inchi 2.5. Niliweka SSD ndogo ya mfumo mu M.2, na takwimu ku SSD ya 2.5. Usiumize mfuko na ile ya mbio sana. Kamba ya mtandao ya gigabiti haiwezi kupitisha zaidi ya mega 125 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida inasoma karibu 500. Wifi yetu, tusiongee. Na diski ya nje ya giga 2000 kwa dola 20 ni uongo. Ijaze na programu f3, itakuonyesha pale inaanza kupoteza.

Mu BIOS tafuta AC Recovery, uiambie ijiwashe umeme ukirudi. Halafu Debian, Samba ya faili, Syncthing ya kunakili kila siku kutoka ku mashini zetu, na Kiwix, juu ya Wikipedia nzima ya Kifaransa na picha zake inapita giga 30 na wadogo wangu wanaisoma jioni bila kununua chochote.

Kama dola 90 haiko, chukua laptop ya zamani yenye kioo kilichovunjika. Batri yake inaishikilia umeme ukienda. Ila ichunguze: ikivimba, itoe siku hiyo hiyo.

Kitu kimoja bado. Seva yangu na mashini yangu viko mu chumba kimoja, mwizi mmoja anabeba vyote. Nilinunua diski ya pili ya kuweka kwa binamu yangu kule Kadutu. Wiki tatu sasa iko mu begi langu.