Injini Kuukuu Haichoki: Je, Anayeizungusha?



Ukipita Arua siku ya soko, au ukifika Koboko penye njia za kwenda Kongo na Sudani Kusini, utasikia kinu cha kusaga kabla hujakiona. Akina mama wamepanga foleni na mabeseni ya muhogo mkavu na mtama, wakingoja unga wa enyasa. Ndani ya kibanda kuna injini ya dizeli ambayo huenda umri wake umemzidi kijana anayeiendesha.

Wenzetu wengi wametuuliza kwa nini wenye vinu hushikilia injini kuukuu. Wengine wamesikia kwamba injini za zamani za mipigo miwili ndizo bora kuliko zote. Tumeona vema tulieleze jambo hili, maana ndani yake kuna haki ya mfanyakazi.

Kila injini ya dizeli ina kazi nne: kuvuta hewa, kuibana, kuchoma dizeli ili pistoni isukumwe, na kutoa moshi. Injini ya mipigo minne humaliza kazi hizo kwa mizunguko miwili. Ya mipigo miwili huzimaliza kwa mzunguko mmoja tu. Pistoni ikifika chini, hewa huingia kwa matundu yaliyo ubavuni mwa silinda na kuusukuma moshi nje. Kwa hiyo pistoni hupata nguvu katika kila mzunguko, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa.

Huko Marekani kampuni ya General Motors ilianza mwaka 1938 kutengeneza injini za namna hii zilizojulikana sana kwa jina la Detroit Diesel. Ziliwekwa katika malori, matrekta, mashua na pampu za maji. Uingereza nayo ilikuwa na trekta la Field Marshall, lililotengenezwa tangu 1945 hadi 1957. Lilikuwa na silinda moja kubwa, na liliwashwa kwa hendeli au kwa fataki iliyofanana na risasi ya bunduki. Mwaka 1954 yakaja malori ya Commer yenye injini ya mipigo miwili. Mpaka leo wako wakulima wa nchi hizo wanaoyatunza matrekta ya aina hiyo kwa mapenzi makubwa.

Lakini injini hizo zina ila zake. Hula oili, hutoa moshi, na kelele zake ni kali. Baadhi yake zikiwashwa vibaya huweza kuzunguka kinyumenyume. Nyingine zikianza kuchoma oili yake zenyewe, hukimbia bila kushikika mpaka zizibwe hewa. Katika miaka ya 1990 sheria za moshi zilipokazwa Marekani, watengenezaji wa injini za malori wakashika njia ya mipigo minne.

Sasa turudi kwetu. Injini kuukuu zinazopendwa vinuni kwa kawaida si za mipigo miwili. Ni za mipigo minne, za mtindo wa Lister. Kampuni ya Lister ya Dursley, Uingereza, ilianza kutengeneza injini za mtindo huo mwaka 1929. Ile iitwayo 6/1 ina nguvu za farasi 6 na silinda 1, na huzunguka mara 650 tu kwa dakika. Baadaye viwanda vya Rajkot, India, vikaiga mtindo huo na kuuza injini na spea zake Afrika. Watu huchanganya aina hizi mbili kwa kuwa zote ni nzito na zote hupiga kelele. Sababu ya kuzipenda pia ni moja: fundi huweza kuzifungua na kuzifunga kwa mikono yake.

Injini mpya ndogo kutoka China nyingi huzunguka mara 2000 au zaidi kwa dakika. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini mwendo huo wa kasi hutaka oili safi na matunzo ya karibu. Ile kuukuu huenda polepole, haina waya wala betri, na ringi zikiisha fundi huzibadilisha papo hapo chini ya mwembe.

Historia ya West Nile nayo imechangia. Baada ya vita vya 1979 na mapigano ya 1980, maelfu ya watu walikimbilia Sudani na Zaire. Waliorudi katika miaka ya 1980 walilazimika kuanza upya kwa vyombo vinavyotengenezeka. Spea ya Kampala ilisafiri zaidi ya kilomita 450 na kuvuka daraja la Pakwach. Umeme wa gridi ya taifa ulikuwa haujafika. Mtambo wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5 ulifunguliwa mwaka 2012, na gridi ya taifa ikafika Arua mwaka 2024. Hata hivyo, nguzo kufika mjini si kufika kila kijiji, na mwenye kinu aliye mbali na laini bado hununua dizeli.

Kwa hiyo hatusemi injini kuukuu zitupwe. Zinalisha watu. Tunachosema ni kwamba mwenye kinu hupiga hesabu ya dizeli, oili na ringi, lakini mwili wa mfanyakazi hauandiki popote.

Tazameni jinsi inavyowashwa. Kijana huinua valvu ili silinda isibane hewa, huzungusha hendeli mpaka yale magurudumu mawili mazito yashike kasi, kisha huachilia valvu. Hendeli iliyochakaa ikikwama kwenye shafti badala ya kutoka, huzunguka pamoja na injini na kuvunja mkono. Kisha upo mkanda mrefu kutoka injini hadi kinu, mara nyingi bila kizuizi chochote. Shati lililolegea likinaswa hakuna wa kuizima injini kwa haraka. Tumewaona wenzetu waliobaki na vidole vitatu, nao walipewa pole na nauli ya kurudi nyumbani.

Madhara mengine huja kimya kimya. Katika nchi nyingi kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 huhesabiwa kuwa mwanzo wa hatari kwa masikio. Tena mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Kijana anayeshinda kibandani na bomba la moshi lililokatwa humo humo ndani huvuta moshi huo kutwa.

Sheria ipo, ndugu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akinge sehemu za mashine zinazozunguka na atoe vifaa vya kujikinga. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inataka mfanyakazi apewe maandishi ya masharti ya kazi yake katika wiki 12 tangu aajiriwe. Na Sheria ya Fidia inamhusu anayeumia kazini, hata kama injini ni ya zamani za babu zetu.

Basi tunataka mambo manne katika kila kinu. Kwanza, mkanda uwekewe uzio wa chuma. Mafundi wa kuchomelea wapo Arua na Koboko. Pili, bomba la moshi lenye saliensa litoke nje ya paa. Tatu, hendeli iliyochakaa ibadilishwe, na mfanyakazi apewe vizibo vya masikio. Nne, wanagenzi wa ufundi walipwe. Wao ndio wanaoziweka hai injini hizi, na wengi hufanya kazi miaka kwa chakula cha mchana tu.

Atakayeumia asisaini karatasi yoyote kabla ya kuonana na chama. Andikeni siku, saa na majina ya mashahidi, mpeleke taarifa kwa mwajiri na kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya mara moja. Mmoja akienda peke yake hufukuzwa mlangoni. Tukienda kumi tutasikilizwa.

Umoja ni nguvu.