Tuskegee: Uwanja wa Marubani Uliozaliwa na Ubaguzi

Uwanja wa Ndege wa Jeshi wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama kusini mwa Marekani, ulifundisha marubani kwa takriban miaka 5 tu, tangu 1941 hadi 1946, lakini kazi iliyofanyika hapo ilibatilisha hoja ambayo jeshi la nchi hiyo lilikuwa limeishikilia kwa muda mrefu. Mwaka 1925, chuo cha kivita cha jeshi hilo kilitoa ripoti iliyodai kuwa Wamarekani Weusi hawakuwa na akili wala ujasiri wa kutosha kwa majukumu mazito ya vita, na kwa msingi wa fikra za namna hiyo walinyimwa nafasi ya kuwa marubani wa kijeshi.

Shinikizo la magazeti na vyama vya watu Weusi lilipozidi, serikali ilitangaza mwanzoni mwa 1941 kwamba ingeunda kikosi cha ndege cha Weusi peke yao. Kwa maneno mengine, mlango ulifunguliwa, ila ukuta wa ubaguzi ukaachwa umesimama. Mafunzo yaligawanywa katika viwanja viwili. Hatua ya kwanza ilifanyika Moton Field, uwanja wa nyasi wa Chuo cha Tuskegee uliojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Julius Rosenwald, na hatua zilizofuata zikafanyika katika uwanja wa jeshi wenyewe, ambao ulijengwa na McKissack and McKissack, kampuni iliyomilikiwa na Weusi.

Pale Moton Field, mwanafunzi alianza na Stearman, ndege ya mabawa mawili, yaani yenye bawa moja juu ya jingine, na viti viwili visivyo na paa. Mwalimu alimwelekeza mwanafunzi kwa bomba la mpira lililopeleka sauti upande mmoja tu, hivyo mwanafunzi alisikia maagizo bila ya kuwa na njia ya kujibu, na jibu lake likawa ni jinsi alivyoiongoza ndege.

Darasa la kwanza lilianza Julai 1941 likiwa na watu 13, na waliohitimu Machi 1942 walikuwa 5, akiwemo Benjamin O. Davis Mdogo, ambaye baadaye aliongoza kikosi hicho cha Weusi, yaani Kikosi cha 99, na kisha Kundi la 332, lililojulikana kwa ndege zake zenye mikia myekundu zilizosindikiza ndege za mabomu katika anga la Ulaya. Hadi darasa la mwisho lilipohitimu mwaka 1946, karibu marubani 1,000 walikuwa wamepita Tuskegee.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, haja ya marubani ilipungua, na uwanja wa jeshi ukafungwa mwaka 1947. Mwaka uliofuata, Rais Harry Truman alitia saini amri iliyoagiza usawa wa watu wa rangi zote jeshini, na ushahidi wa marubani hao ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya hoja ya ubaguzi isiweze kutetewa tena.

Moton Field imehifadhiwa kama eneo la kihistoria la taifa tangu 1998. Uwanja uliojengwa ili kuwatenga watu ndio uliothibitisha kwamba kuwatenga hakukuwa na msingi wowote.