Mbolea Ileile Kila Mwaka na Pamba Iliyokunjamana

Leo tunazungumza na wewe unayelima pamba kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa Kwimba, Magu, Misungwi na Sengerema.

Je, umepata kuliona jambo hili? Mwaka wa kwanza uliweka mbolea ya S.A., pamba ikastawi. Sasa, baada ya miaka mingi, unaweka ileile, tena umeongeza, lakini pamba imedumaa na majani machanga yamekunjamana. Wengine husema mbolea ni mbovu, wengine husema shamba limerogwa. Kabla ya kulaumu mtu, geuza jani utazame chini yake. Kama hakuna vidukari wala wadudu wengine wafyonzao, basi shuku udongo.

S.A., yaani salfeti ya amonia, ina naitrojeni, chakula kinachokuza majani. Ikiingia udongoni, vijidudu huigeuza amonia, na katika kugeuza huko hutoka tindikali. Udongo mweusi wa mbuga huistahimili. Luseni huishindwa upesi, maana chokaa yake ni kidogo na mvua huiosha.

Udongoni mna madini ambayo mmea huyataka kidogo tu, kama chumvi katika mboga. Mojawapo ni manganizi. Tindikali ikizidi, manganizi iliyokuwa imefungwa huyeyuka, na pamba huinywa kupita kiasi. Ukimwaga kopo zima la chumvi sufuriani, nani atakula? Ndipo majani hukunjamana na kupata madoa, na vitumba hupungua. Ukiongeza S.A. hapo, unaongeza ugonjwa. Wenzetu wa tumbaku kule Tabora nao wajihadhari, kwani tumbaku pia hudhurika manganizi ikizidi.

Tufanye nini basi?

Kwanza, samadi. Usiiache zizini, ipeleke shambani kabla ya mvua.

Pili, badili mbolea. CAN ina chokaa ndani yake. Urea huleta tindikali, lakini kwa naitrojeni ileile ni kama theluthi moja tu ya ile ya S.A.

Tatu, chokaa ya kilimo. Tindikali ya mfuko mmoja wa S.A. wa kilo 50 huhitaji karibu kilo 55 za chokaa ya mawe iliyosagwa. Lakini usimwage ovyo! Chokaa ikizidi, boroni na zinki, ambazo pamba pia huzihitaji, hufungwa udongoni.

Kwa hiyo pima kwanza. Chota udongo mahali kama kumi shambani, kina cha sentimita 20, uchanganye, utie kilo moja katika mfuko safi usiowahi kuwekwa mbolea. Mwone Bwana Shamba, au uupeleke kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, acha S.A. na uulize kiasi cha chokaa.

Mvua za Novemba hazingoji, ndugu. Pima kiangazi hiki. Kwaheri, na kazi njema.