'Kutoka kapa' na 'kuwatoa kapa': Somo kutoka besiboli

Timu ikichapwa bila kufunga hata bao moja, wanahabari wetu husema imetoka kapa. Nahau hii humtazama aliyeshindwa, kwani ndiye anayeondoka mikono mitupu. Je, tukitaka kumtaja aliyemnyima, tusemeje? Katika soka tunasema kipa hakufungwa, basi. Katika besiboli ya Wamarekani mambo si rahisi hivyo.

Kwenye mchezo huo, mrushaji humtupia mpinzani mpira. Mpinzani huupiga kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne; akivimaliza salama, timu yake hupata mkimbio mmoja. Mrushaji akicheza mchezo mzima bila wapinzani kupata mkimbio wowote, sifa hiyo huandikwa kwa jina lake. Warushaji wawili wakisaidiana, kwa kawaida sifa hubaki kuwa ya timu.

Hapa ndipo kitenzi 'toa' kinatufaa. 'Toka' hakihitaji yambwa. 'Toa' kina mtenda na mtendwa. Kwa hivyo tuandike: Walter Johnson wa Washington, aliyecheza kuanzia 1907 hadi 1927, aliwatoa kapa wapinzani mara 110. Hakuna aliyemfikia. Grover Cleveland Alexander anamfuata kwa mara 90.

Tusichanganye pia kumnyima mtu mkimbio na kumnyima pigo. Timu inaweza kupiga mpira vizuri mara kadhaa na bado itoke kapa. Tarehe 15 Julai 1876, George Bradley wa St. Louis aliwanyima Hartford vyote viwili.

Bradley huyo aliwatoa kapa wapinzani mara 16 mwaka huo, msimu wa kwanza wa Ligi ya Kitaifa. Alexander, akiichezea Philadelphia, alifikisha 16 pia mwaka 1916. Wamelingana, sivyo? Ngoja kwanza. Kitenzi 'rusha' hakikuwa na maana moja katika miaka hiyo miwili. Bradley alilazimika kurusha mkono ukiwa chini ya kiuno, kutoka umbali wa takriban mita 14, na mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira uje juu au chini. Tena ndiye aliyeanza michezo yote 64 ya timu yake! Kufikia 1916, mkono ulipita juu ya bega, umbali ulizidi mita 18, na mpigaji hakuwa na ruhusa ya kuagiza chochote. Alexander alianza michezo 45, maana timu yake ilikuwa na warushaji wengine wa kupokezana naye.

Tarakimu ni ileile, 16, lakini kazi ni mbili tofauti. Mwandishi au mfasiri anayeandika kwamba rekodi ya 1876 'ilifikiwa' hajadanganya, ila amemwachia msomaji nusu ya habari. Kabla ya kulinganisha idadi za enzi mbili, tuulize kwanza kitenzi kilichozihesabu kilimaanisha nini wakati huo.