Aikido: Mzigo Haubebwi na Misuli

Kwetu watu wakisikia mapigano ya Kijapani, huwaza karate na matofali yavunjwayo kwa kiganja. Aikido ni jambo jingine, na katika shule zake nyingi hakuna hata mashindano. Mwanzilishi wake, Morihei Ueshiba, alizaliwa Tanabe mwaka 1883 akafariki mwaka 1969, na kimo chake kilikuwa futi tano na inchi mbili hivi. Mwanafunzi wake Gozo Shioda, aliyefungua shule ya Yoshinkan mwaka 1955, naye alikuwa kijitu kifupi, chembamba. Na kwake huyo ndiko askari wa kuzima ghasia wa Tokyo walikopelekwa kufunzwa, kuanzia mwaka 1957.

Sasa, mfupi kama huyo hulimudu vipi pande la mtu? Wajapani wengi hujibu kwa neno moja, ki, yaani pumzi au nguvu za uhai. Mimi jibu hilo halinitoshi. Ukitazama vizuri utaona ni kazi ya mifupa. Mguu mmoja uko mbele, mmoja nyuma, nyonga zimeelekea mbele, mabega yameteremka, kivi kimetazama chini. Ukisukumwa hali hiyo, uzito hutoka kiganjani, ukapita begani na mgongoni, ukashuka nyongani hadi wayo wa nyuma, na ardhi ndiyo ibebayo. Ama ukiinua mabega na kukakamaa, uzito hukwama pale pale begani.

Liko zoezi alilolieneza Koichi Tohei, aliyeipeleka aikido Hawaii mwaka 1953. Wanyosha mkono, umekunjika kidogo tu, kifundo chake ukakiweka begani kwa mwenzio, naye akauvuta chini penye kivi kwa mikono yake miwili. Ukifunga ngumi ukakaza, mkono hukunjika. Ukifungua vidole na kuunyosha bila ya kukakamaa, humshinda. Nimelijaribu na mpwa wangu, kijana hamali, mabega kama mlango wa Lamu. Alitoka jasho, na watoto wakacheka. Si muujiza: ukikaza mkono mzima, misuli ya mbele, ile ikunjayo, humsaidia anayekuvuta, ukiilegeza hiyo, ile ya nyuma hufanya kazi bila ya mpinzani.

"Mjomba," akaniambia, "na sisi gunia hatulichukui kwa mikono." Kweli. Hulilaza mgongoni, akainama kiasi, miguu ikabeba.

Hata hivyo, tusidanganyane. Katika maonyesho, mara nyingi anayeangushwa hujirusha mwenyewe. Na Ueshiba alikwenda Hokkaido mwaka 1912 akafyeka misitu na kulima; misuli hakuikosa. Jambo jingine, katika shule nyingi wanafunzi huiinamia picha yake. Kwa Mwislamu hilo ni zito, na kijana atakaye kujifunza na azungumze na mwalimu kabla ya siku ya kwanza.

Faida kubwa mimi naiona nyumbani, kwa wale wauguzao wazazi. Wangapi wameumia viuno kwa kumvuta mgonjwa kitandani kwa mikono iliyonyooka? Mkaribie hata vifua vikaribiane. Mguu mmoja uwe mbele, kunja magoti, vivi vyako vibane mbavu. Kisha inuka kwa miguu, na ukitaka kumgeuza upande wa kiti, usipinde kiuno, sogeza nyayo.