Usomaji wa Faili la Pamoja la Usanifu wa Kiolesura: Mfano wa Kirangi cha Busi

Mwanaprogramu anayefungua faili la pamoja la usanifu, kama lile la Figma, hana budi kupitia kwanza kurasa, kisha vijenzi vinavyorudiwa, na hatimaye vipimo vya kila kijenzi. Hata hivyo, maandishi ya vitufe si vipimo tu. Tuchukue programu itakayotumiwa Busi, wilayani Kondoa. Kiswahili husema "utahifadhi" kwa neno moja. Kirangi, katika baadhi ya njeo za wakati ujao, hutanguliza kitenzi-jina, ndipo kikaja kitenzi kisaidizi. Kwa hiyo, anayeunganisha vipande vya sentensi kwa mpangilio wa Kiingereza atazalisha tungo isiyo ya kisarufi. Sharti sentensi ichukuliwe nzima, na upana wa kitufe uachwe unyumbuke. Vinginevyo, kiolesura kitamsemesha Mrangi kwa lugha isiyo yake.