Neno "Genge" na Waendesha Pikipiki

Neno genge lina maana kadhaa: kibanda cha vyakula, kikundi cha vibarua, na kundi la waovu. Mfasiri hana budi kulitumia kwa hadhari.

Hells Angels, iliyoanzishwa California mwaka 1948, ilikuwa klabu ya pikipiki. Baadaye baadhi ya wanachama wake walihukumiwa kwa madawa ya kulevya na mauaji, na mwaka 2019 mahakama ya Uholanzi iliipiga marufuku nchini humo. Hapo "genge la wahalifu wa pikipiki" ni tafsiri sahihi.

Mbinga ni vingine. Bodaboda hupanda milima ya Umatengo hadi Ukata na kuteremka Mbamba Bay kwa kazi halali. Mmoja wao akikamatwa na kahawa ya magoma, yaani iliyonunuliwa kwa mkulima kabla ya kuvunwa, mtuhumiwa ni yeye; chama chake hakigeuki genge.

Ikumbukwe kwamba chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, kuongoza genge la uhalifu ni kosa kubwa. Karani aandikaye "genge la bodaboda" amekwisha kuwahukumu watu kabla ya hakimu.

Twapendekeza: chama, kwa waliosajiliwa, kikundi, kwa waliokusanyika tu, genge, kwa wale ambao uhalifu wao umethibitishwa.